Fukwe za Kwetu

Msomaji, kila mtu ana mahali ambapo moyo wake hukimbilia unapochoka. Wako wapendao kivuli cha msitu, wako wapendao makelele ya soko, na wako wasiotulia mpaka wamepanda mlima wakaiona nchi chini yao imetandazwa kama mkeka. Mimi ni mtu wa ufukwe. Nilizaliwa kusini ya Nyanza, katika nchi ambayo leo imegawanywa kuwa Kaunti ya Homa Bay na Kaunti ya Migori, na tangu utoto wangu sijapata furaha inayozidi ile ya kuvua viatu, kukanyaga mchanga uliolowa, na kutazama maji ya ziwa ambalo Waluo huliita Nam Lolwe na ramani za dunia huliita Victoria.

Huenda ukisikia neno ufukwe fikira zako hukimbilia Mombasa na Malindi, kwenye maji ya chumvi na majahazi ya zamani. Sikulaumu. Lakini usilidharau ziwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, na katika maziwa yote ya maji baridi duniani ni moja tu linalolizidi kwa upana, nalo ni Ziwa Superior la Amerika ya Kaskazini. Sehemu ya Kenya ni ndogo, yapata sita katika mia, lakini hata hiyo inatosha kumfanya mtu asione ng'ambo. Tena ufukwe kwetu si mahali pa kupumzika tu. Ni bandari ya mashua, ni soko la samaki, ni uwanja wa kuanikia omena, ni mahali pa kuoga, pa kufua na pa kupashana habari. Mvuvi arudipo alfajiri, taa yake ya karabai ikiwa bado inafuka, ufukweni ndiko anakokutana na mkewe, mdai wake, mnunuzi wake na rafiki yake, wote kwa saa moja.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba kupenda kunatosha. Niliamini kuwa mtu akiwa amekwenda ufukweni mara elfu, basi ufukwe huo anaujua. Nimejifunza kwamba sivyo, na somo hilo nililipata kwa aibu kidogo. Ningependa nikusimulie, kisha nikutembeze katika fukwe zetu, ili uone kwa nini nasema mwenye kupenda mahali hana budi kuwa shahidi wake.

Desemba 2021 nilimchukua mjukuu wangu, kijana wa rika lako, nikampeleka kwenye ufukwe wa utoto wangu. Njiani nilimsimulia habari za jabali moja tambarare ambalo baba yangu alizoea kulifungia mashua yake. Kamba ilikuwa imelila jabali lile mpaka ikaacha mfuo wa kina cha kidole. Kando yake ulikuwapo mkuyu mkubwa, na chini ya mkuyu ndipo wazee walipotengenezea nyavu. Nilimwahidi kwamba ataingiza kidole chake katika mfuo ule kama nilivyoingiza changu nilipokuwa mdogo. Tulipofika, nilikuta ziwa limepanda. Maji yalikuwa yamefunika mchanga wote niliouzoea, na mkuyu ulikuwa umesimama ndani ya maji, umekauka, matawi yake yamekuwa vituo vya ndege.

"Babu, jiwe liko wapi?" akaniuliza.

Nikanyosha mkono. Kisha nikausogeza kidogo upande wa kushoto. Kisha nikausogeza tena.

"Uliwahi kulipiga picha?"

Sikuwahi.

"Je, kuna mtu aliyeliandika habari zake?"

Hakuna. Wazee waliolijua walikuwa wamekwisha kufa, na mimi niliyebaki sikuweza kuonyesha mahali penyewe. Kijana hakunicheka, kwa kuwa amelelewa vizuri, lakini niliona usoni mwake kwamba hakujua aniamini au asiniamini. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Na usiku ule nilikumbuka kwamba kuna mtu mmoja mashuhuri aliyewahi kuulizwa swali lile lile, katika ufukwe usio mbali na wetu, naye akashindwa kulijibu mbele ya ulimwengu.

Twende basi huko. Ukitoka mji wa Homa Bay ukaelekea mashariki kwa kufuata ziwa, utaiona rasi iliyojitokeza majini, na juu yake Mlima Homa, mlima wa volkeno iliyozimika zamani. Chini ya mlima huo, upande wa ziwa, kuna makorongo yaliyochimbwa na mvua. Huko ndiko Kanam na Kanjera. Mwaka 1932 Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete katika nyumba ya wamisionari na kujitolea maisha yake kutafuta asili ya binadamu, alifika huko na wasaidizi wake. Mmoja wao, Juma Gitau, alipata kipande cha taya la mtu katika udongo wa Kanam. Leakey alisadiki kwamba taya hilo lilikuwa la zamani mno, na kwamba linaonyesha kuwa mtu wa namna yetu ameishi Afrika kwa muda mrefu kuliko wataalamu walivyofikiri. Mwaka uliofuata mkutano wa wataalamu huko Cambridge ukampongeza.

Lakini elimu haikubali neno la mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Profesa Boswell, alisafiri kutoka Uingereza ili aonyeshwe mahali hasa taya lilipotoka. Leakey akampeleka. Alipofika hakuweza kuonyesha. Mvua zilikuwa zimeyakata makorongo na kuyabadilisha sura. Picha alizozitegemea hazikumsaidia. Na vyuma alivyovichomeka ardhini kuwa alama vilikuwa havipo. Inasimuliwa kwamba wenyeji walivichukua wakavifanya vyembe vya mikuki ya kuvulia samaki. Boswell akarudi akaandika kwamba ushahidi hautoshi, na sifa ya Leakey ikaanguka kwa muda mrefu. Leo wataalamu hawaukubali tena ule ukale aliolidhania taya la Kanam.

Nakuomba usiwacheke wavuvi wale, wala usiwahukumu upesi. Kwao chuma kilikuwa na thamani, na hakuna aliyewaeleza kwamba kipande kile kilichosimama peke yake korongoni kilikuwa kimebeba hoja nzima. Kosa kubwa lilikuwa la mwenye elimu, aliyeweka alama zake bila kuziandika kwa usahihi, na bila kuwafanya wenyeji kuwa walinzi wake. Alipendezwa na mahali pale kuliko mtu yeyote wa zama zake, lakini alipoitwa kutoa ushahidi, alikuwa kama mimi mbele ya mjukuu wangu: mkono uliokuwa ukisogea huku na huku.

Ardhi yenyewe, hata hivyo, haikuwa na kinyongo. Wachunguzi walirudi katika rasi ile miaka mingi baadaye, safari hii wakipima kila shimo, wakiandika kina cha kila jiwe, na kuwafundisha vijana wa vijiji vya karibu kazi hiyo. Huko Kanjera walipata zana za mawe za miaka 2,000,000 hivi, na baadhi ya mawe hayo yalikuwa yamebebwa kutoka mwendo wa zaidi ya kilomita kumi, maana waliozichonga walijua jiwe lipi ni gumu na linapatikana wapi. Na mwezi Februari 2023 zilitangazwa habari za Nyayanga, mahali pengine katika rasi hiyo hiyo. Pale palipatikana zana 330 na mifupa 1,776 ya wanyama, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchunwa nyama. Umri wa vitu hivyo unakadiriwa kuwa kati ya miaka 2,600,000 na 3,000,000. Yakapatikana pia magego mawili ya kiumbe aitwaye Paranthropus, ndugu wa mbali wa binadamu, hata wataalamu wakajiuliza kama mchonga zana alikuwa ni babu yetu au ni huyo ndugu yake. Fikiri, msomaji: kabla ya kuwako lugha tuijuayo, kiumbe fulani aliinama kando ya kijito katika nchi ya Homa Bay, akamkata kiboko kwa jiwe alilolichonga mwenyewe. Habari hiyo twaipata leo kwa sababu waliochimba wanaweza kurudi na kusema, bila kusogeza kidole, "Lilikuwa hapa."

Ukiwa upande huo wa mashariki, usiache kufika Simbi karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la duara, maji yake ni ya chumvi, na mara nyingine huja flamingo kujilisha. Mkabala wake, mwendo mfupi tu, ndipo lilipo ziwa kuu lenye maji matamu. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji mahali pale. Usiku mmoja wenyeji walikuwa wakila na kunywa, akaja mwanamke mzee, amechoka na amelowa, akaomba mahali pa kupumzika, wakamfukuza; na usiku huo huo maji yakapanda yakakizamisha kijiji pamoja na watu wake. Ndiyo maana huitwa Simbi Nyaima, jina ambalo lenyewe husimulia kuzama. Wataalamu wa miamba husema kwamba shimo lile lilifanywa na mlipuko wa volkeno. Mimi sioni sababu ya kukitupa kisa kwa ajili ya volkeno. Volkeno yanieleza shimo lilitokeaje. Kisa chanieleza watu waliokaa ukingoni mwake waliogopa nini na waliwafundisha watoto wao nini.

Sasa turudi magharibi, tupite mji wa Homa Bay, tufike Mbita. Mbele yetu kuna kisiwa cha Rusinga, na kati yake na bara kuna mlango mwembamba wa maji. Zamani ulivukwa kwa mtumbwi. Kisha likajengwa tuta la mawe lililouziba mlango wote, watu wakapita kwa miguu na magari. Njia ilifaa sana kwa wasafiri, lakini maji hayakuweza kupita kati ya ghuba na ziwa wazi, na wavuvi walinung'unika kwa miaka mingi kwamba maji yaliyotuama yameharibu uvuvi wao. Baadaye tuta lilifunguliwa, likajengwa daraja, na mkondo ukapita tena chini yake. Nipitapo hapo husimama kidogo kuyatazama maji yakienda. Nakumbuka kwamba wavuvi wale, bila vyombo vya kupimia, walikuwa mashahidi wa kwanza wa madhara ambayo wajenzi hawakuyaona.

Rusinga ni kisiwa chenye fukwe nzuri na makaburi mazito. Hapo amezikwa Tom Mboya, mmoja wa wajenzi wa taifa la Kenya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Lakini kisiwa hiki kina wafu wa zamani zaidi. Miaka 18,000,000 hivi iliyopita hapakuwa na ziwa. Palikuwa na volkeno kubwa ya Kisingiri, iliyomwaga majivu yake juu ya misitu na wanyama na kuwahifadhi kama mtu anavyohifadhi nafaka katika jivu. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey, mke wa Louis, aliona jino likichungulia katika mteremko wa Rusinga. Walipolifukua pole pole likatokea fuvu lenye uso, fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyeitwa Proconsul. Mary alisafiri nalo kwa ndege hadi Uingereza, na habari zake zikajaa magazetini.

Katika kundi lile la wachimbaji alikuwamo Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Leakey kwa miaka mingi na mwenye jicho kali la kutambua mfupa kati ya mawe. Magazeti ya 1948 hayakuwa na haja naye. Hata hivyo, mwaka 1993 wataalamu walipopanga upya mifupa ya Rusinga waliliita kabila la nyani yule heseloni, na leo kitaalamu huitwa Ekembo heseloni. Hivyo kila mwanafunzi ulimwenguni asomaye habari za fuvu lile hulitamka jina la mchimbaji wa Kiafrika, apende asipende. Haki ilichelewa, lakini ilifika kwa sababu palikuwa na maandishi yaliyoonyesha nani alifanya nini.

Ukipanda mashua Mbita ukaelekea magharibi, utafika Takawiri, kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe na mitende, kisha Mfangano yenye milima inayotumbukia majini. Nikiulizwa ufukwe ninaoupenda kuliko wote, hutaja Takawiri wakati wa machweo. Lakini nikiulizwa ufukwe ninaouheshimu kuliko wote, hutaja Mfangano. Huko Mawanga na Kwitone, juu ya maji, miamba ina michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, miviringo ndani ya miviringo, ambayo husemekana kuwa kazi ya Watwa, watu waliokuwapo kabla ya Waluo na kabla ya Abasuba. Abasuba ni watu wenye asili ya Kibantu, ambao wazee wao walifika visiwani kutoka upande wa Buganda na Busoga. Walipoyakuta maandishi hayo ya rangi hawakuyafuta. Waliyaingiza katika ibada zao za mvua, wakawakataza watoto kuyachezea, na kwa njia hiyo yakadumu. Linganisha, msomaji, na vyuma vya Kanam. Kule alama ziliwekwa na mgeni bila ya kuwashirikisha wenyeji, zikatoweka katika miaka michache. Huku alama ziliachwa na watu waliokwisha kwenda zao, lakini wenyeji wakazitia moyoni, zikadumu vizazi na vizazi. Lakini lugha yenyewe ya Kisuba sasa ina wasemaji wachache, kwa kuwa wengi wamehamia katika Kiluo. Michoro imepata walinzi kuliko maneno.

Tukiuacha mlango wa Mbita tukashuka kusini kwa kufuata ziwa, tutaingia Migori na kufika Karungu, karibu na mji wa Sori. Ufukwe huu ni wazi, upepo wake ni mkali, na mawimbi yake humfanya mtu asahau kwamba hayuko baharini. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza hapa ndipo palipokuwa boma la wilaya, kabla makao hayajahamishiwa Kisii penye baridi. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia mtafuta madini aliona karibu na hapa mifupa iliyogeuka mawe. Afisa mmoja wa wilaya aitwaye Pigott akatumwa kuikusanya, na katika mifupa hiyo likatambuliwa jamaa la tembo wa kale, dinotheri, ambaye pembe zake zilielekea chini. Pigott hakuishi kuona matunda ya kazi yake, maana aliuawa na mamba ziwani.

Mwaka 1911 Makumbusho ya Uingereza ikamtuma Felix Oswald aendeleze kazi. Alipiga hema peke yake pamoja na wapagazi wake katika nchi iliyokuwa na malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Ugonjwa huo ulikuwa umewaua watu wasiopungua 200,000 upande wa Uganda katika mwongo mmoja, na kuwafukuza wengi kutoka fukwe zetu na kutoka bonde la Lambwe. Oswald alifanya jambo ambalo miaka ishirini baadaye lingemwokoa Leakey: alipima magenge ya Karungu tabaka baada ya tabaka, akaandika rangi, unene na mifupa ya kila moja. Mwaka 1915 alitoa kitabu cha safari yake. Karne nzima imepita, na wachunguzi bado hutumia vipimo vyake. Magenge hayo hayo hutazamwa na wavuvi kila siku watokapo kazini, na ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuambiwa yanahifadhi nini.

Mwisho wa safari yetu ni Muhuru, ufukwe wa kusini kabisa. Hapo mchanga hauna mpaka, lakini nchi ina mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari wa kugawa maeneo yao utafika ziwani mahali ambapo digrii moja kusini ya ikweta hukutana na ufukwe wa mashariki. Na tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, wakauendeleza mstari huo juu ya maji. Hapana shaka kwamba waliotia sahihi hawakuwahi kukanyaga mchanga wa Muhuru. Hata hivyo mstari wao uliwatenga ndugu. Mwezi Septemba 1914 vita ya Ulaya iliwafikia: jeshi la Wajerumani likavuka mpaka na kuingia Kisii, tarehe 12 pakawa na mapigano makali, na meli za reli zilizokuwa zikibeba mizigo na abiria ziwani zikafungwa mizinga. Wajerumani walishindwa vita, Waingereza wakaondoka baadaye, Tanganyika ikapata uhuru 1961 na Kenya 1963, lakini mstari wa Berlin upo pale pale. Hata leo mvuvi wa Muhuru akichukuliwa na upepo usiku huamka ugenini, ingawa anayemkamata huenda akawa anasema lugha ya mama yake.

Nimekwisha kukuonyesha fukwe, msomaji, lakini sijakuonyesha mabadiliko yao. Mwaka 1905 waliletwa nyavu za kutega za kitani, na ngege, samaki aliyekuwa chakula cha kila nyumba, akaanza kupungua. Katika miaka ya 1950 mbuta alitiwa katika maji ya Uganda. Alipozidi katika miaka ya 1980 aliwala fulu wadogo wa rangi nyingi, ambao mamia ya aina zao hazikuwako mahali pengine popote duniani, na nyingi kati yao hazionekani tena. Minofu ya mbuta ikapelekwa Ulaya, na sisi tukabaki tukinunua mifupa yake iliyokaangwa, ambayo sokoni huitwa mgongo wazi. Jina hilo laweza kumchekesha mgeni. Mwenyeji hucheka kidogo, kisha hunyamaza. Katika miaka ya 1990 likaja gugumaji, likafunga ghuba hata mashua zikakwama.

Na maji yenyewe hayatulii. Kati ya 1961 na 1964 mvua nyingi zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, likameza mashamba na fukwe. Baba yangu aliniambia kwamba jabali lake lilikuwa la pili. La kwanza, alilolitumia babu yangu, lilizama wakati ule. Nilimsikia, sikumwuliza lilikuwa wapi. Mwezi Mei 2020 maji yakafika kimo cha 1964 na kukipita kidogo, nalo jabali la pili likazama. Sasa umeelewa kwa nini swali la mjukuu wangu lilinichoma. Vizazi viwili vimepoteza majabali mawili kwa njia moja, na hakuna aliyeandika hata mstari.

Miezi kadhaa baada ya siku ile nilirudi ufukweni pamoja naye. Safari hii tulichukua daftari, kamba yenye mafundo ya kila mita, na mvuvi mmoja mzee aliyekumbuka mengi kuliko mimi. Tulikwenda kwa mtumbwi mpaka kwenye mkuyu uliokauka, tukapima kutoka shinani kwa hatua za kumbukumbu zetu, na mzee akachomeka upondo majini huku na huku. Mara ya nne ukagonga kitu kigumu. Akauzungusha, akasema ni bapa. Je, lilikuwa jabali la baba yangu? Siwezi kuapa. Kijana aliandika tarehe, kina cha maji, umbali kutoka mkuyuni, na majina yetu sote watatu, na mwishoni, bila kuniuliza, akaandika: "Babu anadhani ni hapa, lakini hana hakika." Niliisoma sentensi hiyo mara mbili. Ilikuwa kweli tupu, na sikuona haya tena.

Basi, kijana usomaye ukurasa huu, nakutuma kazi ndogo. Likizo ijayo nenda kwenye ufukwe ulio karibu nawe, uwe wa ziwa, wa mto au wa bahari. Ogelea, cheza, kula samaki. Furaha ndiyo mwanzo wa kupenda. Kisha kaa chini uandike mchanga unaishia wapi leo, mti gani umesimama, samaki gani wameletwa na kwa bei gani, na mahali pale panaitwaje kwa kinywa cha mwenyeji. Mwulize mzee mmoja jambo moja ambalo hujawahi kumwuliza, na usiongeze chumvi katika jibu lake. Ukiona mfupa au jiwe la ajabu, usiling'oe. Andika lilipo, uwaarifu wanaohusika. Tia tarehe. Miaka hamsini ijayo mtoto atasimama mahali hapo akuulize, "Kilikuwa wapi?" Nakuombea siku hiyo uwe na daftari mkononi.